Mahali na Mimea Yake

Kosa kubwa la kwanza nililolitenda katika kazi ya ualimu lilihusu miti. Nalisimulia hapa bila ya kulipaka rangi, kwa sababu lilinifundisha mambo ambayo nilikuwa nimeyasoma chuoni, nikayajibu katika mtihani, nikafaulu, na hata hivyo sikuwa nimeyajua. Tena naamini kwamba makosa ya mwalimu, yakisimuliwa kwa haki, huweza kumfaa mwanafunzi sawa na masomo yake.

Mimi ni mzaliwa wa milima ya Taita, upande wa Wundanyi. Kwetu ukungu huingia mpaka mlangoni alfajiri, na mtoto aendaye shule hufika miguu imelowa umande. Mashamba yetu yamekatwa matuta juu ya miteremko, na kandokando ya matuta hayo imepandwa migrevilea mirefu, yenye majani yaliyochanika kama manyoya ya ndege. Asili ya mti huo ni Australia, lakini umekaa kwetu muda mrefu hata watoto hudhani ni mwenyeji. Kivulini mwake nilicheza na kusoma, na kwa kuni zake mama alinipikia. Basi kwangu mimi mti ulikuwa ni mgrevilea, na nchi ilikuwa ni milima.

Mwaka wa 2013, baada ya kuhitimu katika chuo cha ualimu, nilipelekwa kufundisha katika shule ya kutwa iliyoko nchi ya chini, kati ya Mwatate na Voi. Kutoka dirisha la darasa niliweza kuiona milima yetu, imesimama kwa mbali na rangi ya buluu, kilemba cha wingu kichwani. Lakini shuleni penyewe palikuwa na vumbi jekundu na jua kali. Saa ya chakula wanafunzi walijipanga ukutani, wakihama kidogo kidogo kila kivuli cha nyumba kilipohama. Uwanja ulizungukwa na migunga yenye miiba mirefu, na miti mifupi minene ya jamaa ya manemane, ambayo haikuwa na jani hata moja. Magome yake yalikuwa yakibambuka kama karatasi. Niliitazama nikasema moyoni kwamba hii ni miti iliyokufa, na kwamba watu wa hapa wameishi na kichaka kwa kukosa mtu wa kuwaonyesha njia.

Nilimwendea mwalimu mkuu nikamwomba ruhusa ya kupanda miti ya kivuli. Alikubali kwa furaha. Jumamosi tatu mfululizo tulifyeka kichaka, mimi nikiwa mbele na panga. Siku ya tatu mzee mmoja, aliyekuwa mlinzi wa shule, alinijia polepole, akausogelea mmojawapo wa miti ile mikavu, akalikwaruza gome lake kwa ukucha. Chini ya gome palikuwa na rangi ya kijani kibichi.

"Mwalimu," alisema, "miti hii haikufa. Imelala."

"Mzee wangu," nilimjibu, "kwa mtu atafutaye kivuli, mti uliolala na uliokufa ni mamoja."

Wanafunzi walicheka. Mzee hakucheka, wala hakukasirika. Alipangusa ukucha wake, akarudi langoni kwake. Nilihesabu kwamba nimeshinda.

Mwezi wa Aprili nilileta kutoka nyumbani miche 60 ya migrevilea katika gari la mizigo. Tuliipanda kwa mistari iliyonyooka kama beti za shairi, na kila mwanafunzi wa kidato cha pili akapewa mche wake. Mvua ya masika ilinyesha kidogo, miche ikasimama, nami nikaandika habari zake katika ubao wa matangazo. Ilipofika Juni mvua ilikwisha. Julai majani yakaanza kujikunja. Nikatoa amri kwamba kila mwenye mche aje na lita mbili za maji kila siku.

Yapasa msomaji ajue maana ya amri hiyo. Katika vijiji vile, wakati wa kiangazi, mama huamka saa kumi za alfajiri kwenda kupanga foleni ya madumu penye bomba, na hurudi jua limekwisha kupanda. Maji hayo ndiyo ya kupikia, ya kuogea na ya mifugo. Wanafunzi wangu walikuwa watiifu, wakayaleta. Miche ikayanywa, na bado ikanyauka. Iliyodhoofika ikaingiliwa na mchwa. Mwezi wa Septemba ilikuwa imebaki 11. Ndipo siku moja mvulana mmoja, aliyekuwa mpole kuliko wenzake, aliposimama mbele yangu na dumu lake tupu, akasema akiwa ametazama chini, "Mwalimu, mama auliza kama miti ya shule hunywa kuliko ng'ombe wetu."

Sikuwa na jibu. Nilimwambia aketi, na siku hiyo nikaiondoa ile amri. Kabla ya Oktoba kwisha hapakubaki mche hata mmoja. Wahenga walisema kuwa majuto ni mjukuu, nami mjukuu huyo nilimpakata usiku na mchana. Kilichoniuma zaidi ya ile miche ni maji ya watu niliyoyamwaga ardhini kwa kiburi changu.

Mwezi wa Novemba mvua ya vuli ilianguka. Katika pembe moja ya uwanja, mahali ambapo panga halikufika, miti ile ya jamaa ya manemane niliyoihesabu kuwa maiti ilichipuka, na kabla ya wiki mbili kupita ilikuwa imevaa majani mabichi. Hata visiki tulivyokata vilianza kutoa machipukizi. Nilimwendea mzee langoni, nikamwamkia, nikamwomba radhi. Alinikaribisha katika kigoda chake, akasema, "Mwalimu, miti uliipenda kweli, lakini mahali hukupauliza. Huku chini hata masika si mvua ya kuitegemea sana. Mvua yetu ni vuli."

Maneno hayo yalinirudisha katika madaftari yangu ya chuoni. Humo nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu kwamba mimea ya mahali popote haikukusanyika ovyo. Inachujwa na mambo ya mahali hapo: maji, joto, mwanga, upepo, udongo, moto, wanyama na watu. Mbegu nyingi huletwa na upepo, na ndege, na maji, lakini zinazoweza kuota, kukua na kuzaa mahali hapo ni zile tu ambazo maumbile yao yapatana napo. Niliyaandika hayo, walakini sikupata kuyatazama kwa macho. Nikaazimu kuyatazama pamoja na wanafunzi.

Mwezi wa Februari, 2014, tulipanda milimani. Tulikuwa na vipimajoto viwili. Kimoja tulimwachia mwalimu mwenzangu shuleni, akisome saa sita kamili mchana, na cha pili tukaenda nacho. Tuliondoka asubuhi kwa gari, na njiani kila mwanafunzi alitakiwa kuandika mmea alioujua na mahali alipouona mara ya kwanza na ya mwisho.

Chini kabisa, karibu na shule, tuliandika migunga, miti ya manemane, mibuyu na katani ya mwitu. Tuliposimama kuichunguza tuliona kwamba kila mmoja una hila yake ya kuishi na kiu. Mgunga una vijani vidogo mno, ili jua lisipate uwanja mkubwa wa kufyonza maji yake. Mmanemane huyatupa majani yake yote wakati wa kiangazi, ukabaki na ule ukijani wa chini ya gome, ambao waweza kujitengenezea chakula kidogo hata majani yakiwa hayapo. Mbuyu huweka maji katika shina lake. Katani ya mwitu ina majani manene yaliyopakwa kitu kama nta. Na nyasi nyingine hazipigani na kiangazi hata kidogo: huota, huchanua na kuzaa katika wiki chache za mvua, kisha hufa na kuacha mbegu zingoje mavumbini. Usione vyaelea, vimeundwa.

Tulipopita Mwatate na kuanza kupanda, mibuyu ilitoweka katika madaftari. Ikaingia mihindi na miembe, kisha migomba, kisha miparachichi na migrevilea yangu. Hatimaye tulifika ukingoni mwa msitu wa Ngangao, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ilikuwa saa sita. Kipimajoto chetu kilisoma digrii 26. Jioni tulipolinganisha, tulikuta kwamba saa ile ile shuleni kilisoma digrii 33. Kadiri mtu apandavyo mlima, joto hupungua, kwa makadirio ya digrii 6 katika kila mita 1,000. Sisi tulikuwa tumepanda karibu kiasi hicho.

Ndani ya msitu wanafunzi wangu walinyamaza. Wengi wao walikuwa wameiona milima hiyo kila siku ya maisha yao, wala hawajapata kuingia humo. Miti ilikuwa mikubwa, iliyonyooka, na vichwa vyake vilishikana hata jua likaingia kwa vipande vipande. Mashina yalivikwa mimea laini ya kijani kama zulia. Kangaga ziliota chini, na nyingine ziliota juu ya matawi, bila ya kugusa ardhi. Majani yalidondosha maji, ijapokuwa mvua haikunyesha siku hiyo.

"Mwalimu," aliuliza msichana mmoja, "mvua ya huku hutoka wapi, nasi chini hatuipati?"

Nilimwonyesha upande wa mashariki na kusini, ambako nyika imetandazwa mpaka upeo wa macho. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi hubeba mvuke. Hupita juu ya nyika tambarare bila ya kizuizi, kwa hiyo mvuke mwingi hubaki hewani. Zifikapo milima ya Taita hulazimika kupanda. Zikipanda hupoa, na hewa iliyopoa haiwezi kubeba mvuke kama hewa yenye joto, basi mvuke hugeuka kuwa wingu, ukungu na mvua. Ndiyo sababu nchi ya chini hupata kama milimita 500 au 600 za mvua kwa mwaka, na sehemu za juu za milima hupita milimita 1,200. Miteremko iliyoelekea bahari hulowa zaidi, na ile iliyogeuza mgongo hupata masazo. Msitu wenyewe nao husaidia, kwa kuwa majani yake huukamata ukungu upitao, yakaugeuza matone. Mahali hutengeneza mimea, na mimea nayo hutengeneza mahali.

Tulipokuwa tukishuka nilielewa vema kwamba miche yangu ilikuwa na maadui wengi kuliko nilivyodhani. Ilikosa mvua, na joto lililozidi liliifanya ihitaji maji mengi kuliko ingaliyohitaji nyumbani. Niliipanda katika msimu usiotegemewa. Mchwa wakamaliza kazi. Sababu moja peke yake huenda ingalivumilika, lakini sababu hizo zilishikana mikono.

Jioni ile mzee alitusikia tukizungumza, akaongeza fundisho ambalo sikulitaja. "Mmesahau ndovu," alisema. Hifadhi ya Tsavo, iliyoanzishwa mwaka wa 1948, haiko mbali na pale. Mzee alitueleza kwamba katika utoto wake ndovu walikuwa wengi sana, wakiangusha miti na kuibambua magome, hata sehemu zilizokuwa kichaka kizito zikageuka kuwa mbuga ya nyasi. Kisha ukaja ukame wa mwaka wa 1970 na 1971. Mzee alikuwa kijana wa miaka 18 hivi. Maelfu ya ndovu walikufa kwa njaa, na katika miaka iliyofuata majangili wakawaua wengi miongoni mwa waliosalia. Ndovu walipopungua, vichaka vikarudi pale penye nyasi. Mvua ilikuwa mvua ya nyika, na udongo ulikuwa ule ule, lakini sura ya nchi iligeuka mara mbili katika maisha ya mtu mmoja. Wanafunzi waliandika hayo chini ya neno "wanyama."

Wiki ile darasani yule msichana aliinua mkono tena. "Kwa hiyo, mwalimu, mahali penye maji tele kila mmea waweza kuota?" Nilitaka kumjibu papo hapo, lakini nilikuwa nimejifunza kutofanya haraka. Nikamwambia tutakwenda kupauliza mahali penyewe.

Tulikwenda mwezi wa Agosti mwaka ule ule, mpaka Gazi, kusini ya Mombasa, penye ghuba iliyozungukwa na mikoko. Maji yalikuwa yamekupwa. Mama mmoja wa kijiji hicho alitutangulia katika matope, kanga ameifunga kiunoni, akitutajia miti kama mtu atajaye jamaa zake. Kwa mbali, karibu na bahari, ilisimama mililana. Nyuma yake ilikuja mikoko yenyewe, yenye mizizi iliyopindika kama miguu ya buibui. Nyuma ya hiyo ilikuwa mikandaa, na kuelekea nchi kavu tukakuta michu mifupi, imetawanyika juu ya uwanja mweupe wa chumvi. Ilikuwa kana kwamba mtu ameipanga safu kwa safu.

"Nani aliyeipanda hivi, mama?" aliuliza mwanafunzi mmoja.

"Kupwa na kujaa, mwanangu," alijibu.

Alitueleza kwamba mililana hufikiwa na maji karibu kila siku, lakini ile michu ya juu hufikiwa wakati wa bamvua tu. Hapo jua hukausha maji na kuiacha chumvi, hata udongo ukawa na chumvi kuliko bahari yenyewe. Alichuma jani la mchu akampa yule msichana alilambe. Lilikuwa na chumvi, kwa kuwa mchu huitoa chumvi kwa njia ya majani yake. Mkoko huizuia iliyo nyingi mizizini, isipate kuingia. Na kwa sababu matope hayo hayana hewa, mchu hutoa vijiti vya mizizi juu ya ardhi ili vipumue, na mkoko hupumulia ile mizizi yake iliyopindika. Basi mahali pale maji yalikuwa tele, na bado miti iliyoweza kuishi hapo ilikuwa ya kuhesabika. Katika pwani nzima ya Kenya aina zake ni 9 tu.

Mama yule alitueleza pia habari za kupanda. Watu wa Gazi na wa Makongeni wanayo kazi ya pamoja ya kuitunza na kuipanda mikoko, iitwayo Mikoko Pamoja, iliyoanza mwaka wa 2013. "Ukiuchukua mkoko ukaupanda mahali pa mlilana," alisema, "mawimbi yataung'oa. Ukiupeleka kwenye uwanja wa chumvi, utakauka. Kwanza twatazama maji yafika wapi, na siku ngapi." Nilitazama chini. Mwaka wa 2013 ndio ule nilioleta miche yangu 60.

Tuliporudi tulipita karibu na Mwache, upande wa magharibi ya Mombasa, nikawasimulia wanafunzi yaliyotokea huko. Mvua kubwa za El Niño za mwaka wa 1997 na 1998 zilichukua udongo mwingi kutoka nchi za juu, zikaumwaga katika mikoko. Mizizi ile ya kupumulia ikafunikwa, na miti mingi ikafa ikiwa imesimama. Aina ya miti haikubadilika. Jambo moja tu lilipita kipimo, nalo ni tope. Na tope hilo lilitoka katika nchi ambayo mimea yake ilikuwa imeondolewa, isiweze tena kuushika udongo. Nilikumbuka Jumamosi zangu tatu za panga.

Mwezi wa Novemba, 2014, tulipanda tena. Safari hii mzee ndiye aliyekuwa fundi, nami nilikuwa mwanafunzi. Tulichagua mikwaju na mikau, miti iliyozoea nchi kavu, pamoja na miarobaini michache, ambayo ingawa ni wageni kutoka Asia, imekwisha kuthibitisha kwamba yaweza kuvumilia jua la huku. Jumla yake ilikuwa miche 40. Kila shimo tulilizungushia ukingo wa udongo mfano wa mwezi mchanga, upande wa wazi umeelekea juu, ili maji ya mvua yakamatwe yasipite. Hatukuagiza dumu la mtu. Na ile sehemu tuliyoifyeka tuliiacha kama ilivyo, tukaizuia mbuzi. Machipukizi ya visiki yalifanya yaliyobaki.

Nilihamishwa kutoka shule ile mwaka wa 2019. Mzee alifariki mwaka uliofuata, nami sikuwahi kumzika. Mwezi wa Septemba, 2022, nilipita kuwaamkia wenzangu. Mvua zilikuwa zimekosekana msimu baada ya msimu tangu mwaka wa 2020. Mifugo ilikuwa imekufa katika nchi ya chini, na ndovu wengi walikuwa wamekufa Tsavo. Niliihesabu ile miti 40 nikakuta 27 imesimama, na wanafunzi wamekaa chini ya mikwaju wakila chakula chao cha mchana. Miti ya jamaa ya manemane ilikuwa imerudi katika pembe yake, mikavu, bila ya jani hata moja.

Mwalimu mmoja kijana, mgeni wa nchi hiyo kama nilivyokuwa mimi, alinitembeza uwanjani. Tulipofika penye pembe ile alisema, "Hii imekufa na ukame, ndugu. Twafikiri kuikata kabla ya muhula kwisha."

Niliusogelea mti mmoja, nikalikwaruza gome lake kwa ukucha, nikamwita aje atazame.

Enyi wanafunzi, milima ya Taita inakoma Vuria, mita 2,208 juu ya usawa wa bahari. Katika msitu wa Mbololo, na humo tu, huota porini mmea mmoja mdogo wenye maua ya urujuani, wa jamaa ya yale maua ambayo watu wa nchi za mbali huyapanda katika vyungu na kuyaweka madirishani. Joto la dunia laongezeka. Mmea uliozoea ubaridi, joto likiupata, huweza kujivuta juu ya mlima kizazi baada ya kizazi ukifuata ubaridi wake. Lakini mlima una kilele, na juu ya kilele hapana udongo. Misitu ya kwetu imekwisha kuwa vipande vidogo, na katikati ya kipande na kipande pana mashamba yetu sisi wenyewe. Mmea ule hauwezi kuyavuka kwa miguu.

Kwa hiyo, popote mtakapopelekwa na kazi zenu, iwe ni nyikani, mlimani au ukingoni mwa bahari, msitangulize panga. Tazameni kwanza kilichoota pale kabla yenu, mkakiulize kimewezaje kuishi. Waulizeni pia wazee wa mahali, kwa maana kuuliza si ujinga. Mimi sikuuliza, na gharama ya kutouliza kwangu ililipwa na akina mama waliobeba madumu alfajiri.